Lupu ya Kamera Kubwa: Namba Isikubabaishe

Ukipita Mtopanga ukaona mtu kajitanda buibui kichwani, kainama nyuma ya sanduku la miguu mitatu, usimdhanie mganga. Anatafuta fokasi. Kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 hutupa picha kwenye kioo chenye ukungu kilicho nyuma yake, kichwa chini miguu juu. Ndivyo walivyohangaika wapiga picha wa zamani kama akina A. C. Gomes kule Unguja, na William D. Young aliyepiga picha za ujenzi wa reli kutoka Mombasa. Jicho tupu litakwambia picha imekaa sawa. Filamu ikishasafishwa unakuta sikio la bwana harusi limetulia na macho yamefifia. Ndiyo maana ya lupu, kile kilenzi cha kukuza unachokibandika kwenye kioo.

1. Ukuzaji wa mara 4 hadi 6 watosha. Wengi hukimbilia ya mara 10, ile ya masonara. Mwachie sonara. Kwenye kioo chako itakuza chembechembe za kioo chenyewe, na uso unaoutafuta utapotelea mchangani.

2. Kabla hujaagiza ng'ambo, fungua kabati. Ile lenzi ya milimita 50 ya kamera ya zamani ya mzee ni lupu nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Hesabu yake rahisi: gawanya 250 kwa milimita za lenzi. Hapo unapata mara 5. Fungua tundu lake lote, weka fokasi mwisho wa mbali, kisha chungulia kwa upande wa mbele, ule unaofungwa kwenye kamera uelekee kioo. Iinue kama sentimita 4 na nusu, picha itatulia. Mkono ukikutetemeka, kata kipande cha bomba la maji la plastiki chenye urefu huo, kipake rangi nyeusi ndani, kiwe kitako chake.

3. Kitako kiwe cheusi. Lupu nyingi zimetengenezwa kutazamia slaidi juu ya meza ya taa, kwa hiyo kitako chake ni cha plastiki ng'avu ili mwanga uingie. Wewe na jua la Bamburi la saa sita mnataka kinyume chake. Tepu ya mafundi wa umeme inamaliza kazi.

4. Iwe inazungushika. Hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Picha haitui upande ulio karibu na jicho lako. Hutua upande wa ndani, ule wenye ukungu, unaotazama lenzi. Lupu lazima ione kupita unene wa kioo. Kwa hiyo chora mstari mwembamba wa penseli upande huo wa ndani, kisha zungusha lupu mpaka mstari uonekane wazi kabisa, uikaze hapo hapo. Kama unavaa miwani, amua mapema: unachungulia nayo au bila. Ukibadilisha, unaanza upya.

5. Pembe zina mambo yake. Ukitumia lenzi pana, tuseme ya milimita 90, mwanga hufika pembeni kwa mshazari na lupu iliyosimama wima itakuonyesha giza. Kampuni ya Silvestri ilitengeneza lupu inayoinama kwa ajili hiyo hiyo. Nyepesi yoyote unayoweza kuilaza kidogo kwa vidole itakusaidia, ingawa fokasi yake itayumba kidogo.

6. Kamba shingoni, kopo nyumbani. Ukingo wa chuma uvalishe mpira, usije ukakwaruza kioo. Usiku ifungie kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana hewa yetu ya pwani huotesha fangasi kwenye lenzi. Na usiiache juani: lenzi ni lenzi, itachoma kitambaa cha kiti.

7. Cha kujitanda kichwani kuzuia mwanga: buibui, naam; kanga hapana, inaupitisha.

8. Ukiwa dukani, omba karatasi ya daftari la hesabu, ile ya miraba. Mistari ikipinda kidogo ukingoni, si neno, mradi katikati ni safi. Lakini ukiona rangi ya zambarau imejipaka kandokando ya mistari hata pale katikati, mrudishie mwenyewe na umshukuru.