Toba ya Fanani: Joseph Kamaru na Nyimbo Alizoacha Nyuma

Makala haya yanajadili swali ambalo wahakiki wa fasihi simulizi hulipita haraka: fanani anapoukaribia uzee na kuiona kazi yake ya ujanani kuwa kosa, je, anaweza kuirejesha? Mfano utakaotumika ni wa Joseph Kamaru (1939-2018), mwimbaji wa Kikuyu aliyezaliwa Kangema, Murang'a, na kuingia Nairobi mwaka 1957.

Ikumbukwe kwamba Kamaru hakuwa mwimbaji wa starehe tu. Nyimbo zake zilisheheni methali na mafumbo, nazo ziliuma. "Ndari ya Mwarimu", unaomsuta mwalimu anayemtongoza mwanafunzi, uliwaudhi walimu hata chama chao kikatishia mgomo. Mauaji ya J. M. Kariuki ya mwaka 1975 aliyatungia wimbo wakati ambapo wengi walifyata ulimi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akamsifu Rais Moi katika "Safari ya Japan". Diski na kanda hizo zilinunuliwa River Road, zikapanda matatu hadi mitaa ya Eastlands: Bahati, Makongeni, Jericho, Buruburu. Huko, baa na kanisa aghalabu ni majirani, hivyo wimbo ule ule uliwafikia anayecheza na anayekemea.

Mwaka 1993 Kamaru alitangaza kuwa ameokoka. Aliivunja bendi yake, Kamaru Super Stars, akageukia nyimbo za injili. Mauzo yalishuka.

Je, ni nyimbo zipi hasa zilizohitaji kutubiwa? Wokovu humtaka mwanamuziki ajutie kwanza mapenzi na ulevi. Mwanahistoria angeanza kwingine, kwenye sifa alizomwagiwa mtawala. Orodha hizi mbili hazilingani. Kuhusu sifa hizo, Kamaru alikuwa amekwisha kujibu kabla ya kuokoka, tena kwa wimbo: kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiunga mkono vyama vingi, na "Mahoya ma Bururi" ni miongoni mwa nyimbo ambazo kanda zake zilisakwa na polisi mwaka 1990. Kwa hiyo, kosa la kisiasa (ikiwa lilikuwa kosa) alilirekebisha kwa kutunga. Lile la kiroho alilirekebisha kwa kuziacha nyimbo. Kwa mtazamo wa makala haya, njia ya kwanza ina uzito zaidi kifasihi. Wimbo hujibiwa kwa wimbo. Kimya hakisikiki ndani ya matatu.

Mapokeo ya Waswahili yanaliangaza jambo hili vizuri. Mtunzi wa utenzi huomba radhi kwa makosa yake katika beti za mwisho, hivyo anayeunakili utenzi huinakili na radhi yenyewe. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausuta moyo wake mwenyewe, na suto hilo ndilo shairi. Toba ya Kamaru haikupata nafasi kama hiyo. "Celina" ya mwaka 1967, aliyoiimba na dadake Catherine Muthoni, haina ubeti wa 1993, wala haiwezi kuongezewa.

Wapo watakaomkimbilia Roland Barthes na kifo cha mwandishi. Nadharia hiyo ina manufaa yake, lakini hapa inapwaya: mwandishi hakuwa amekufa. Alikuwa hai katika mji ule ule, akipita penye milango ambamo sauti yake ya ujanani ingeweza kumtokea wakati wowote, nayo haikuwa na haja ya ruhusa yake.

Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Mjukuu wake, Joseph Kamaru vilevile, mwanamuziki anayefahamika kama KMRU, amezitoa upya kwenye intaneti nyimbo za babu yake. Mwanafunzi wa Umoja au Dandora anayezisikiliza leo kwenye simu huipokea sauti ya kijana wa mwaka 1967, pengine asijue kwamba mwenyewe aliwahi kuipa kisogo.