SOMO: NAKALA ZA VITABU VYA CHAMA KATIKA KOMPYUTA

Chama kinachoweka leja ya hisa na stakabadhi za kahawa katika kompyuta hakina budi kutofautisha mambo mawili: kuoanisha folda na kuweka nakala ya akiba.

Kuoanisha ni kuzifanya folda mbili zifanane daima. Syncthing, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2013, huweza kuoanisha kompyuta ya Ujiji na ya Kasulu. Lakini karani akifuta leja Ujiji, ya Kasulu nayo hufutika, isipokuwa programu imeagizwa kutunza matoleo ya zamani.

Akiba ni nakala ya tarehe maalumu, isiyoguswa na kosa la leo. Kwa kompyuta yenye nguvu ndogo itumiayo Linux, rsync ya mwaka 1996 yafaa: ni nyepesi, na hunakili mafaili yaliyobadilika tu. Asiyependa kuandika amri atumie Grsync. Kwa Windows ipo FreeFileSync.

Utaratibu ni huu:

1. Kila wiki nakala iwekwe katika folda yenye tarehe yake.
2. Diski mbili zitumike kwa zamu, moja ikae mbali na ofisi. Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika majengo ya ufukweni. Diski iliyo kando ya kompyuta huzama nayo.
3. Kila mwezi faili moja lirejeshwe mbele ya kamati. Nakala isiyojaribiwa si akiba.

Leja ikipotea, mwanachama atathibitishaje hisa zake?

Swali la kujadili: Nakala ya mwisho ya chama chenu ni ya tarehe gani, na iko wapi?