Nani Ashike Upanga?

Soma: 1 Samweli 8:10-18, 13:19-22, 22:11-19, Luka 22:47-51.

Somo letu ni juu ya silaha na mamlaka. Twaanzia Israeli, siku zile ambazo nchi nzima haikuwa na mhunzi. Wafilisti waliikataza kazi hiyo, Waebrania wasije wakajitengenezea panga. Mtu aliyetaka kunoa jembe au shoka alikuwa hana budi kuwaendea Wafilisti. Hata siku ya vita ilipofika, wenye silaha walikuwa wawili tu, Sauli na Yonathani mwanawe.

Mara nyingi twaishia hapo, tukiwalaumu Wafilisti. Lakini tukiendelea hadi sura ya 22, twamwona Sauli yule yule akiamuru makuhani wa Nobu wauawe. Askari wake wakakataa. Doegi Mwedomi akakubali, wakafa makuhani 85. Samweli alikuwa amekwisha kuonya kwamba mfalme atachukua wana wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mazao yao. Basi hatari ni mbili: adui aweza kutunyang'anya upanga, na mtawala wetu wenyewe aweza kutugeuzia upanga tuliompa.

Kanisa letu la Anglikana lalijua jambo hili. Mwaka 1688 Mfalme James wa Pili wa Uingereza aliamuru tangazo lake lisomwe makanisani. Maaskofu saba, akiwamo Askofu Mkuu Sancroft, walimwandikia kwamba mfalme hana uwezo wa kuweka kando sheria za Bunge. Wakatiwa gerezani katika Mnara wa London, wakashtakiwa, na baraza likawaona hawana hatia. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Haki: mfalme asisimamishe sheria wala asiweke jeshi wakati wa amani bila idhini ya Bunge, na Waprotestanti waweze kuwa na silaha za kujilinda kadiri sheria iruhusuvyo.

Fikira hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1791 Wamarekani waliiandika katika Katiba yao haki ya watu kuwa na silaha. Mpaka leo wanabishana juu yake. Wapo wasemao kwamba serikali ikiwa peke yake na bunduki, raia ni mateka. Tusiwacheke. Mwaka 1865, watumwa walipokwisha kuachwa huru, jimbo la Mississippi liliwakataza watu weusi kuwa na bunduki bila kibali. Wakabaki mbele ya watesi wao mikono mitupu. Wengine wahesabu makaburi: mwaka 2021 pekee watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba raia ana haki ya kuweka bunduki nyumbani ajilinde, lakini haki hiyo ina mipaka.

Nasi tuseme nini? Jirani zetu wa Uganda watufundisha. Februari 1977 askari wa Idi Amin waliingia usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, wakitafuta silaha. Maaskofu hawakunyamaza, walimwandikia Amin barua ya malalamiko. Tarehe 16 mwezi ule Luwum aliuawa. Hakuwa na bunduki, lakini Amin aliiogopa sauti yake.

Twaona basi kwamba kuwa na shaka juu ya mamlaka yanayozidi kukua si uasi. Samweli alikuwa nayo. Lakini Bwana wetu, Petro alipotumia upanga, aliliponya sikio lililokatwa. Sheria iwafunge wenye kutawala na wenye kutawaliwa, na Mkristo aseme kweli mapema, kabla Doegi hajapatikana.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini askari wa Sauli walikataa amri yake? Je, sisi tungekataa?
2. Maaskofu wa 1688 na wa 1977 walifanana katika nini?
3. Mtaani kwetu, ni nani asiye na mtu wa kumtetea? Tumfanyie nini juma hili?

Tuombe: Ee Bwana, uwape watawala wetu hofu yako, nasi utupe ujasiri usio na chuki. Amina.