Fleti ya Bei Nafuu Hurghada: Hatari Iko Wapi?

Swali: Mgeni anayenunua fleti ya bei nafuu Hurghada, Misri, ili aipangishe, anakabiliwa na hatari gani?

Jibu: Kubwa kuliko zote ni ya sarafu. Machi 2024 Benki Kuu ya Misri iliiachia pauni ishuke, na dola 1, iliyokuwa takriban pauni 31, ikafika karibu 50. Kodi inayolipwa kwa pauni ikapoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake kwa dola, ingawa mpangaji hakuchelewesha hata senti.

Kisha hati. Nyumba nyingi huuzwa kwa mkataba usiosajiliwa, na kisheria umiliki huhama kwa usajili tu. Hapo ndipo mwanasheria asiyelipwa na muuzaji anapohitajika, kabla ya malipo ya kwanza. Fleti ambayo bado ni ramani huongeza hatari nyingine: mjenzi kuishiwa fedha kabla ya kukabidhi.