Pua Isiposikia Harufu

Mkulima wa Ikonge hutumia pua yake siku nzima bila kufikiri. Alfajiri hunusa maziwa kabla ya kuyauza; mchana hunusa mahindi ghalani ajue kama yameingiwa na uvundo; usiku husikia harufu ya moshi kabla hajauona moto. Pua ikinyamaza, kazi yote huingiwa na mashaka.

Mafua ya kawaida yaweza kuleta jambo hili, lakini Korona, iliyotangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020, ililieneza sana. Virusi vyake huharibu chembe zinazotegemeza mishipa ya kunusia, juu kabisa ndani ya pua. Kwa wengi harufu hurudi baada ya majuma machache. Wengine hungoja miezi, hata miaka.

Jambo ambalo majirani hawalioni ni hili: mishipa hiyo hupeleka habari karibu kabisa na sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu, huzuni na furaha. Ndiyo maana mtu huyu huona obokima na chinsaga kama udongo, hukonda, hujitenga akiogopa kwamba mwili wake wanuka, tena huwa mzito wa kukumbuka. Asiitwe mvivu, wala mke wake asilaumiwe kwa mapishi! Huko Uingereza wataalamu walipiga picha za ubongo wa watu 785, kila mtu mara mbili. Mwaka 2022 walieleza kwamba kwa waliopata Korona, sehemu zinazohusika na kunusa zilikuwa zimepungua kuliko kwa wenzao, na akili zao zilikuwa nzito kidogo katika majaribio. Ni kidogo; si wazimu.

Pua hufundishwa. Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alieleza njia yake mwaka 2009: kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila kimoja sekunde 10, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Mkaratusi hatuna haja ya kuutafuta, umejaa mipakani mwa mashamba yetu. Mgonjwa anuse polepole, akikumbuka harufu ya zamani. Si wote wapatao nafuu, lakini gharama yake ni ndogo.

Kwa sasa mtoto anuse maziwa badala ya baba. Au chemsha kidogo katika kijiko, yakigandamana yameharibika. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Na huzuni ikipita majuma mawili, mtu hali wala halali, aende hospitali Nyamira, naye aitaje pua yake, maana daktari asipoambiwa huenda asiiulize.