Rangi ya Matofali ya Nyumba Yenu: Chagueni Wawili



Somo letu linahusu jambo ambalo wengi hudhani ni la fundi peke yake: rangi ya matofali ya kuchoma ya ukuta wa nje, yale yanayoachwa wazi bila plasta. Ukuta wa plasta ukiwachukiza, mnanunua rangi nyingine na kuupaka upya. Ukuta wa matofali haubadiliki hivyo. Mtautazama nywele zenu zikiwa nyeusi, na mtautazama zikiwa mvi.

Tuseme mume anafanya kazi Nairobi, naye mke yuko nyumbani Kakamega pamoja na watoto. Mume anaona nyumba ya mwenzake kule Ruiru, ina matofali ya kahawia iliyokolea, anapendezwa nayo na kuagiza mzigo kama huo. Mke anapata habari lori likiwa tayari langoni. Hatasema neno mbele ya fundi na utingo. Atasema baadaye, pengine kwa kunyamaza. Majirani watasema hawa wawili wamekosana kwa sababu ya rangi. Mimi sikubali. Wamekosana kwa sababu mmoja hakuulizwa juu ya nyumba ambayo yeye ndiye ataishi ndani yake kila siku.

Basi yafaa nyote wawili mjue rangi hutoka wapi, ili kila mmoja awe na la kusema. Wekundu wa tofali hutokana na madini ya chuma yaliyomo katika udongo. Yakipata moto pamoja na hewa ya kutosha huwa mekundu, kama vile kutu ilivyo nyekundu. Udongo wenye chokaa nyingi hutoa tofali la krimu au manjano hafifu. Moto ukizidi, wekundu hukolea. Na hewa ikipungua ndani ya tanuri, tofali hutoka na weusi au samawati. Viwanda vingine huongeza madini ya manganizi ili kupata kahawia.

Katika matanuri ya kuni ya vijijini, matofali yaliyo karibu na moto huiva sana, na yale ya pembeni hubaki yamepauka. Hapo rangi si urembo tu. Tofali la udongo mwekundu likitoka na rangi ya chungwa iliyofifia, mara nyingi moto haukulifikia vizuri. Gonganisheni mawili: yaliyoiva hulia kama kengele, mabichi hutoa mlio mzito. Likwaruzeni kwa msumari pia. Mvua ya Kakamega hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na tofali bichi lililoachwa wazi hunywa maji na kumomonyoka. Mmoja wenu akilipenda kwa rangi yake nzuri, mwingine amkatalie kwa upole, lakini amkatalie.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni simiti iliyo kati ya tofali na tofali. Chukueni tofali la urefu wa milimita 215 na kimo cha milimita 65, lijengwe kwa mistari ya simiti ya milimita 10. Ukipiga hesabu, karibu asilimia 17 ya ukuta unaouona ni simiti, si tofali! Simiti nyeupe humfanya mwekundu aonekane mwekundu zaidi, na kila mstari huonekana. Simiti ya kijivu hutuliza ukuta. Mchanga nao una rangi yake, kwa hiyo mkibadilisha mahali pa kuuchota katikati ya kazi, ukuta utaonyesha mstari wa mabadiliko hayo.

Ndiyo maana nawasihi msichague kwa tofali moja mkononi, wala kwa picha ya simu, ambayo hudanganya rangi. Mwambieni fundi awajengee kipande cha ukuta cha mita moja kwa mita moja hapo hapo kwenye kiwanja, kwa simiti ile ile itakayotumika. Yatatosha matofali 60 hivi. Simiti ikisha kukauka, utazameni pamoja asubuhi, adhuhuri na jioni; umwagieni maji muuone kama siku ya mvua; kisha rudini nyuma hatua ishirini. Mume aliye mbali na aje mwisho wa mwezi. Nauli yake ni ndogo kuliko majuto ya matofali elfu saba.

Mkiwa mbele ya kipande hicho, tazameni na ardhi. Penye udongo mwekundu, matone ya mvua huurusha ukutani, na ukuta wa krimu hushika uchafu hadi magotini. Anayetaka krimu si lazima ashindwe: safu tano au sita za chini zijengwe kwa tofali lililokolea. Mara nyingi nyumba inayopatikana hivi hupendeza kuliko ile ambayo kila mmoja aliitaka peke yake. Krimu pia haivuti joto sana kama kahawia, jambo la kufikiria kwa ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Juu kuna mabati. Mabati mekundu juu ya matofali mekundu huifanya nyumba ifanane na donge moja. Mabati ya kijani, kwangu mimi, huifanya ionekane kama shule ya bweni, ingawa najua wengi wanayapenda.

Msipokubaliana, mwulizane sababu badala ya kurudia rangi. "Baba watoto, hiyo kahawia unaipendea nini?" Labda atasema haionyeshi uchafu, au labda anaogopa kudharauliwa na wenzake. La kwanza linajibiwa na fundi. La pili linataka jioni nzima. Na fedha zikiwa chache, semeni wazi. Si aibu kuweka matofali ya kuonekana upande wa mbele tu, na kwingine mawe na plasta. Aibu ni mkopo ambao mmoja wenu haujui.

Mzigo ukifika, fundi achanganye matofali ya lori zote anapojenga, kwani kila tanuri hutofautiana kidogo, na bila hivyo ukuta utakuwa na mabaka. Chumvi nyeupe ikitokeza miezi ya kwanza, msilaumiane. Ipigeni brashi kavu siku ya jua.

Tena wekeni akiba ya matofali hamsini nyuma ya jiko, yafunikwe, maana miaka kumi ijayo rangi ile ile haitapatikana. Andikeni katika daftari la nyumba jina la tofali, mahali mchanga ulipotoka na kipimo cha simiti, na daftari hilo likae mahali ambapo nyote wawili mnapajua.