Mwalimu Mlezi: Mtu Tunayemsahau Tukienda Fildi

Wiki za mazoezi ya kufundisha zikikaribia, vimbwetani tunasikia mambo mawili tu: bumu litatoka lini, na msimamizi atakuja siku gani. Yule tutakayeshinda naye shuleni kila siku, yaani mwalimu wa somo tunayekabidhiwa kwake, hatajwi. Mimi naona hapo ndipo tunapopoteza.

Msimamizi anakuja na fomu ya alama, anakaa nyuma kipindi kimoja, anaondoka. Mwalimu mlezi anaijua Kidato cha Pili B kwa majina. Anajua nani amekuja na njaa na nani anaitikia "ndiyo" wakati hajaelewa kitu.

Tumemsoma Vygotsky: yapo mambo ambayo mwanafunzi hayawezi peke yake, ila akiwa na anayejua zaidi anayaweza. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la mafundi ujenzi, linalofungwa ukuta ukipanda na kufunguliwa ukuta ukisimama. Huwa tunakariri haya kwa ajili ya watoto tutakaowafundisha. Fildi, mwanafunzi ni wewe. Na wapo walezi wanaokukabidhi vipindi vyote Jumatatu ya kwanza, kisha wanashika hamsini zao. Jukwaa halijafungwa, umeshaambiwa upande! Usinung'unike pembeni. Omba.

Kwanza, omba kuangalia. "Shikamoo Mwalimu, naomba siku mbili tatu nikae nyuma nikuone unavyofundisha." Ingia na swali moja: anaanzaje kipindi? Anafanya nini darasa likichangamka kupita kiasi? Andika unachokiona, hukumu iache kwanza.

Pili, usiombe "maoni". Ukiuliza "Nimefundishaje?" utajibiwa "Vizuri, jitahidi," na hapo hujapata kitu. Omba jambo moja linalohesabika. Mfano, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na wengi zaidi walijibu. Basi mwambie mlezi wako: "Mwalimu, leo nihesabie nasubiri sekunde ngapi nikiuliza." Hilo anaweza kulifanya hata akiwa anasahihisha madaftari.

Tatu, zungumzeni siku hiyohiyo. Dakika kumi zinatosha. Anza wewe kusema ulichokiona, ndipo umsikilize. Kama alisema ubao wako haukusomeka, kesho andika upya na umwite aone. Mlezi akiona neno lake limefanyiwa kazi, atakupa la pili. Akiona limeishia kwenye daftari, atanyamaza, na utamaliza fildi ukidhani huna kasoro.

Je, mkitofautiana? Chuoni tumefundishwa kazi za makundi, yeye darasani ana watoto themanini na anatoa nukuu mwanzo mwisho. Usimsahihishe mbele ya walimu wenzake. Sema, "Mwalimu, naomba kipindi kimoja nijaribu makundi, halafu uniambie palipoharibika." Hapo mtajifunza wote wawili.

Lakini lipo la kukataa. Ukipewa fimbo na kuambiwa "darasa lako hilo, lisimamie," rudisha kwa adabu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Wewe mwanachuo huna barua hiyo. Heshima kwa mlezi haikuondolei wajibu kwa mtoto, na mtoto akiumia jina litakaloandikwa ni lako.

Wenzangu, baada ya kuhitimu wengi wetu tutaingia darasani peke yetu, hakuna wa kukaa nyuma. Kabla hujapanda basi la kwenda kituoni, andika mambo matatu unayotaka mlezi akuangalizie. Mengine mtayapanga mkikutana ofisini.

Fildi njema.